Mkutano Usio na Bango



Nimeombwa nizungumze juu ya ulevi. Ubaya wa pombe sitauhubiri. Hakuna asiyeujua katika ukumbi huu, na anayeujua kuliko sisi sote ni mlevi mwenyewe, yule anayeamka saa kumi alfajiri mikono ikimtetemeka, akingoja muuzaji afungue mlango. Huyo amekwisha kuhubiriwa na mkewe, na mama yake, na mwajiri wake wa mwisho, na kila aliyewahi kumkopesha. Kama maneno yangetosha, angeacha zamani.

Nitazungumzia njia. Mtu amekiri kwamba pombe imemshinda. Anataka kuacha. Amesikia mahali, labda redioni, kwamba kuna walevi wanaokutana na kusaidiana kuacha, na kwamba hawatozi pesa. Sasa anauliza: wako wapi? Hapo ndipo wengi wanapotupotea. Msiba una turubai na viti barabarani, harusi ina muziki, lakini mkutano huu mara nyingi hauna hata karatasi mlangoni. Anayeutafuta ni mtu mwenye aibu, mwenye nauli ya kuhesabu, na mwenye ujasiri ambao haudumu hata siku nzima. Ujasiri huo ukija asubuhi na jibu likaja Jumatano ijayo, mara nyingi mtu mwenyewe hatakuwepo tena kulipokea.

Hoja yangu ni hii: kazi ya kuutafuta mkutano huo tusimwachie mlevi. Ni kazi yetu tusiokunywa. Sisi ndio tunaopaswa kujua uko wapi, unakaa siku gani na saa ngapi, kabla hajauliza.

Msidhani nimeitunga hoja hii mimi. Imo katika mwanzo wenyewe wa chama hiki kinachoitwa Alcoholics Anonymous, ambacho wengi tunakifupisha AA. Mwezi wa Mei 1935, mtu mmoja wa New York aitwaye Bill Wilson, aliyefanya kazi kwenye soko la hisa, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, huko Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika. Alikuwa na miezi mitano tu bila kunywa. Jumamosi jioni alisimama kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower, peke yake, ugenini. Upande mmoja baa, watu wanacheka. Upande mwingine simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji. Alijua kwamba akiingia baa amekwisha. Alijua pia kwamba kilichokuwa kimemsaidia miezi ile mitano ni kuzungumza na walevi wengine, hata wale waliokataa kumsikia. Akaenda kwenye simu akaanza kutafuta mlevi.

Sasa sikilizeni ni nani aliyemjibu. Alimpata kasisi wa Kianglikana aitwaye Walter Tunks. Kasisi huyo hakumkatia simu, akampa majina ya watu wa kuwapigia. Jina likamfikisha kwenye jina jingine, hadi akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling. Mama huyo hakuwa mlevi. Lakini alikuwa akimjua daktari wa upasuaji wa mji ule, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza, na alikuwa akimwombea. Akamwambia Bill Wilson aje. Kesho yake, Jumapili ya Sikukuu ya Mama, akawakutanisha nyumbani kwake. Daktari alikuwa amesema atakaa robo saa tu. Alikaa zaidi ya saa sita. Chama chenyewe huhesabu kuzaliwa kwake kuanzia tarehe 10 Juni mwaka ule, siku ambayo daktari yule alikunywa kwa mara ya mwisho.

Watu husimulia habari hii kama habari ya walevi wawili. Mimi naiona kuwa habari ya watu wanne. Kama kasisi angesema hana muda na wageni walevi, kama yule mama angeona aibu kumtaja rafiki yake, wale wawili wasingekutana. Kati ya mlevi na mlevi walisimama watu wawili wasiokunywa, na walichokuwa nacho si elimu ya udaktari. Walikuwa wanajua watu, na walikuwa tayari kuonyesha njia palepale.

Kwa hiyo niwaulize nyinyi wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali yetu ya Kenya ilizindua kazi yenu, watu wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja na kaya zake takriban 100 na mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Mnaingia nyumba ambazo chifu haingii. Mnajua kitanda kipi kina mtu asiyeamka kwenda kazini. Ni wangapi kati yenu, mkiulizwa leo jioni na mke wa mtu, mnaweza kumtajia mkutano mmoja, siku yake, saa yake, na gari la kupanda?

Siwalaumu. Hamkufundishwa, na mikutano yenyewe inajificha, kwa sababu ya haki kabisa. Tuielewe sababu hiyo, maana bila kuielewa tutaanza kuibomoa mikutano hiyo kwa nia njema.

Zamani kabla ya AA, mwaka 1840, wanywaji sita wa mji wa Baltimore walikubaliana wakiwa baa kwamba wanaacha pombe, wakaunda chama cha kusaidiana walichokiita jina la George Washington. Kilienea kwa kasi ya ajabu. Walisimama majukwaani wakisimulia maisha yao mbele ya halaiki. Mwaka 1842 hata Abraham Lincoln, akiwa bado wakili kijana, alialikwa kuhutubia mkutano wao mmoja. Lakini wasemaji wakawa watu mashuhuri, siasa za kupiga pombe marufuku zikaingia, kila mwenye ajenda akataka jukwaa, na baada ya miaka michache chama kikafifia. Watu wa AA waliijua historia hiyo. Kanuni walizozipitisha mwaka 1950 zinaonekana kama jibu lake: chama hakiingii kwenye mabishano ya nje, hakipokei pesa za nje, na mwanachama hatajwi jina wala haonyeshwi sura kwenye vyombo vya habari. Sharti la kujiunga ni moja tu, mtu awe na hamu ya kuacha kunywa. Haulizwi dini, kabila, cheo, wala ameshaacha kwa muda gani.

Katika nchi yetu usiri huo una uzito wa pekee. Mwalimu akijulikana kuwa mlevi anayetafuta msaada, wazazi wanaanza kunong'ona. Dereva anaogopa kunyang'anywa gari. Padri, daktari, polisi, mama wa nyumba, kila mmoja ana la kupoteza. Cha ajabu ni kwamba sote tulimwona akianguka mtaroni, na hilo tulilizoea. Siku akionekana anaingia mkutanoni, hiyo ndiyo inakuwa habari. Basi mkutano unajilinda kwa kukaa kimya, na ukimya uleule unamzuia anayeutafuta. Ugumu huu hauondoki kwa kubandika mabango. Unaondoka kwa watu wa kuaminika, waliotapakaa kila kijiji, wanaojua njia na wanaojua kufunga mdomo.

Haya, njia yenyewe.

Kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya. Namba ni 1192, na inafanya kazi usiku na mchana. Pigeni wenyewe kwanza kabla hamjampa mtu. Ulizeni msaada ulio karibu na kwenu, ulizeni kama wanajua kikundi chochote, andikeni. Pili, kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti: wauguzi wa pale mara nyingi wanajua vikundi ambavyo havimo kwenye orodha yoyote. Tatu, vituo vya kurekebisha waraibu, hata vile vya kulipia. Wengi wa washauri wa vituo hivyo waliwahi kuwa walevi wenyewe na wanahudhuria mikutano mahali. Huna haja ya kumlaza mtu kwao ili kuuliza swali hilo. Nne, makatibu wa parokia na watunza kumbi za makanisa, kwa kuwa mikutano mingi hukodi au huazima vyumba hivyo. Muulize anayeshika funguo: kuna watu wanaokutana hapa jioni, hawaimbi, hawahubiri, wanakunywa chai na kuondoka? Atawajua.

AA wenyewe wana orodha za mikutano kwenye intaneti, na programu ya simu iitwayo Meeting Guide. Tangu korona ya 2020 mikutano mingi pia inafanyika kwa njia ya simu na kompyuta. Hiyo ni neema kwa mtu aliye mbali na mji. Hata hivyo nawaomba msiishie hapo kama kuna kikundi cha ana kwa ana kinachofikika. Mlevi ni bingwa wa kujificha, na kamera inazimika.

Ukishapata mkutano, thibitisha. Hili nalisisitiza kuliko yote. Vikundi hivi huhama, hubadili siku, vingine hufa kimyakimya, na orodha hazisahihishwi. Mtu aliyekusanya nguvu zake zote akapanda matatu mbili, akafika kwenye mlango uliofungwa kufuli, huyo ana sababu kamili ya kupitia baa akirudi. Piga simu, au nenda mwenyewe wiki moja kabla. Uliza kama ni mkutano wa wazi, ambao hata ndugu na jirani wanaweza kuingia, au ni wa walevi wenyewe peke yao. Uliza wanazungumza lugha gani, kwa sababu mikutano mingine ya mijini huendeshwa kwa Kiingereza, na fundi wa mawe ambaye maumivu yake yote yako kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama atakaa pale kama mgeni. Uliza kama kuna wanawake. Na kama mtu anaogopa kuonekana mtaani kwake, mtafutie mkutano wa mtaa wa mbali, umsaidie nauli.

Halafu msindikize. Usimpe karatasi yenye anwani ukaridhika. Tembeeni pamoja hadi mlangoni, na kama ni mkutano wa wazi ingieni pamoja, mkae nyuma. Ikiwezekana, mpate mwanachama mmoja kwa simu siku ileile, wazungumze wawili faragha. Wanachama wa AA hawaoni hilo kuwa usumbufu. Kumsaidia mgeni ni sehemu ya kuacha kwao wenyewe, kama Bill Wilson alivyojua pale kwenye simu.

Kabla ya hayo yote kuna onyo moja, na wahudumu wa afya tafadhali liwekeni mbele. Mtu anayekunywa sana kila siku, anayehitaji glasi ya asubuhi, ile ya kutoa loki, ili mikono itulie, asiambiwe aache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili wake umezoea. Katika saa 48 za kwanza anaweza kupatwa na kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, kupanda joto, moyo kwenda mbio, na hali hiyo huua. Huyo kwanza ni wa hospitali. Kuna dawa za kumvusha salama, na kuna vitamini B1 ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo hata ubongo ukadhurika. Mkutano unakuja sambamba au baadaye. Mkutano hautibu kifafa, na watu wa AA wa kweli watakuwa wa kwanza kukwambia.

Hatari hiyo tumewahi kuisahau. Mnakumbuka Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza pombe haramu iangamizwe, na katika eneo la Kati watu wakavamia maghala wakamwaga mapipa barabarani. Kina mama wengi walishangilia, na nawaelewa, maana walikuwa wamezika vijana. Lakini pombe ilimwagwa, na asubuhi yake mnywaji wa kila siku aliamka na mwili uleule. Hakuna agizo lililomwambia aende wapi. Na pombe ya sumu haikwisha: Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa kwa kinywaji cha usiku mmoja. Mimi nashikilia kwamba tungetumia sehemu ndogo tu ya bidii ya kumwaga kwa kuandaa vyumba, viti na watu wa kupokea, tungezika watu wachache kuliko tuliowazika.

Wengi wenu mmeniuliza huko nje kabla ya kuanza: ndani ya mkutano huo kuna nini? Mnaogopa kumpeleka mtu mahali msipopajua, na mna haki.

Ndani kuna viti, mara nyingi vimepangwa duara. Kuna chai. Mmoja wao anaongoza siku hiyo, na wiki ijayo ataongoza mwingine. Hakuna daktari, hakuna mchungaji, hakuna daftari la mahudhurio. Hudumu saa moja, au moja na nusu. Husomwa kitu kifupi, kisha mmoja baada ya mwingine anasema: jina langu ni fulani, mimi ni mlevi. Jina moja tu, na linaweza lisiwe la kitambulisho. Anasimulia yake: alivyokuwa akinywa, kilichotokea, anavyoishi sasa. Wengine hawamkatizi, hawamjibu, hawampi ushauri. Kwetu hilo ni geni mno, kwa sababu tumezoea kila mwenye shida akae katikati na wazee wamzunguke wakimshauri. Pale mtu anasema yote, na hakuna anayemhukumu, kwa kuwa kila aliye pale amefanya kama hayo au mabaya zaidi. Mgeni halazimishwi kusema lolote. Kikapu hupita, mwenye shilingi huweka ya chai na ya kodi ya chumba, mgeni huambiwa asijali. Mwisho watu hubaki wakizungumza wawiliwawili, na hapo ndipo hubadilishana namba za simu. Namba hizo zina kazi kubwa kuliko hotuba zote, kwa sababu kiu haichagui jioni ya mkutano. Kiu huja Ijumaa ya mshahara.

Wanamtaja Mungu, ndiyo, lakini kila mtu kadiri anavyomjua yeye. Nalisema hili kwa ajili ya maimamu waliofika, na kwa ajili ya Waislamu wa Pwani na wa mitaa yetu. Kwa Mwislamu anayekunywa, siri ni mara mbili: ameshindwa na pombe, na amevunja amri iliyo wazi. Wengi hawawezi hata kuanza kusema, kwa sababu kusema ni kujitoa mbele ya ukoo mzima. Kisha unamwambia mkutano uko nyuma ya kanisa! Hatakwenda. Lakini angalieni wenzetu wa Zanzibar. Katika nyumba wanazoziita soba hausi, vijana waliotoka kwenye heroini na pombe wamekuwa wakiishi pamoja na kufuata hatua kumi na mbili za kuacha ulevi, zilezile za AA, huku wakiswali. Chumba cha madrasa siku ambayo hakina darasa, ofisi ya kikundi cha vijana, duka lililofungwa jioni, popote panatosha. Imamu akisema tu, hadharani, kwamba anayetafuta msaada hatafichuliwa na msikiti huu, amefungua mlango ambao hakuna mwingine anayeweza kuufungua.

Wanawake nao. Mwanamume mlevi huonekana. Mwanamke mlevi hufichwa na watu wa nyumbani kwake, na akifichuliwa hutukanwa mara kumi. Tangu mwanzo walikuwemo: Marty Mann, mmoja wa wanawake wa kwanza kuacha pombe ndani ya AA, alikuja kuzunguka Marekani akifundisha kwamba ulevi ni ugonjwa unaotibika na kwamba mlevi anastahili kusaidiwa. Mama anayenyonyesha, mama muuza chang'aa ambaye ameanza kuonja bidhaa yake, hawa hawatasema mbele ya wanaume wa kijiji. Watafutieni kikundi cha wanawake, au mwanamke mmoja aliyeacha. Mmoja tu anatosha kuanza.

Na ndugu wa mlevi wana mkutano wao pia. Unaitwa Al-Anon, ulianzishwa mwaka 1951, na mmoja wa waanzilishi alikuwa Lois, mke wa Bill Wilson. Wakati mwingine ndio mkutano wa kwanza kutafutwa, kwa kuwa mke yuko tayari na mume hayuko. Pale mke atajifunza kuacha kulipa madeni ya baa, kuacha kumpigia bosi simu kusema mume ana malaria. Atajifunza pia kutofanya lile ambalo linafanyika sana katika vijiji vyetu na ambalo ni la hatari: kununua sokoni unga wa kuachisha pombe, au kupata vidonge vya disulfiramu kwa njia za pembeni, na kumtilia mume kwenye chakula bila yeye kujua. Disulfiramu ni dawa halali, hutolewa na daktari kwa mtu aliyekubali. Akinywa pombe juu yake bila kujua, moyo unaweza kusimama. Wake wanaofanya hivyo wanafanya kwa kukata tamaa. Muwaelekeze mahali penye msaada wa kweli.

Kuna anayeuliza: je, inafanya kazi, au ni mazungumzo tu? Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Mipango ya tiba iliyowaunganisha watu na AA kwa utaratibu ilishinda tiba nyingine kama ushauri wa kisaikolojia katika kuwafanya watu waache kabisa: baada ya mwaka, takriban watu 42 kwa 100 hawakuwa wanakunywa, wakilinganishwa na 35. Tazameni vizuri namba hizo. Si muujiza. Zaidi ya nusu bado walikunywa. Lakini ni msaada usio na bei, uliolingana na kuzidi ule wa wataalamu wanaolipwa, na waliofaidika ni wale waliounganishwa, yaani kuna mtu aliyewapeleka.

Na hapa kwetu, Eldoret, watafiti walifanya jaribio na watu 614 waliokuwa wakihudhuria kliniki za HIV na wakinywa pombe. Hawakutumia AA. Walitumia vikundi vidogo, wanaume mbali na wanawake mbali, vikutano sita vya kila wiki, dakika 90 kila kimoja, vikiongozwa na washauri ambao si madaktari wala wanasaikolojia bali watu wa kawaida waliofunzwa. Matokeo yalichapishwa 2021: waliokuwa katika vikundi hivyo walipunguza kunywa kuliko wenzao waliofundishwa habari za afya kwa jumla, na tofauti ikaonekana katika miezi 9 iliyofuata. Nawatajia jaribio hili ili yule ambaye AA haikumfaa, kwa sababu ya maneno ya kidini au kwa sababu nyingine, asiambiwe kwamba hana pengine. Kliniki nyingine zina vikundi vyao. Ulizeni. Mtu akisema mkutano wa kwanza haukumpendeza, ajaribu wa pili mahali tofauti kabla ya kukata shauri, kwa sababu vikundi havifanani.

Na akirudia pombe? Wengi hurudia. Arudi mkutanoni, hata kesho yake, hata kama bado ananuka. Hafukuzwi. Atakayemfukuza ni aibu yake na midomo yetu. Nawasihi wachungaji, kwa heshima yote, mlevi aliyeteleza asitajwe madhabahuni hata kwa maombi.

Sasa kwa wale waliotoka sehemu ambako hakuna mkutano kabisa, na najua ni wengi, hasa mliotoka mbali na barabara kuu. Msisubiri mtu aje kutoka Nairobi kuufungua. Chama chenyewe kilianza na watu wawili sebuleni, na kanuni yake inaruhusu walevi wawili au watatu kukutana na kujiita kikundi. Kinachotakiwa ni mtu mmoja aliyeacha na anayetaka kubaki ameacha. Katika kila kata yupo. Mnamjua, yule aliyekuwa akilala mtaroni na sasa ana ng'ombe wawili, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza aliwezaje. Muulizeni, faragha. Akikubali, mwunganisheni na kikundi cha mji wa karibu wampe vitabu na wamweleze utaratibu, kisha mtafutieni chumba.

Chumba kinahitaji mambo machache. Kisiwe karibu na baa, wala mbele ya kituo cha polisi. Kiwe na mlango unaofungika na taa. Siku na saa zisibadilike hata kidogo, hata kama wiki nne mfululizo atakuja mtu mmoja tu akakaa na kiti kitupu, kwa sababu wa pili atakuja wiki ya tano na lazima akute taa inawaka. Chifu asiulize majina. Mwenye ukumbi asiingie kutazama ni nani. Wahudumu wa afya msiwaandike kwenye ripoti.

Tukimaliza, nitakaa pale kwenye meza ya kushoto pamoja na muuguzi wa afya ya akili. Ambaye kata yake haina mkutano, aje na jina la chumba, na siku ambayo chumba hicho hakina shughuli.